Ngazi za Upande wa Pili

Saa saba kasoro robo mchana, Inspekta aliuawa na mzimu kwa mara ya tatu.

Kioo cha kompyuta kikawa cheusi, na maandishi mekundu yakajitokeza katikati: UMECHELEWA. Inspekta akaisukuma kibodi kana kwamba ndiyo iliyomkosea. Miaka ishirini na miwili kazini ameshakamata wezi wa magari, matapeli wa viwanja na bwana harusi mmoja aliyekuwa na harusi mbili Jumamosi moja. Leo mwanamke wa watu anaangushwa na muuguzi wa kuchorwa mwenye kofia nyeupe.

"Umekimbia, afande," alisema Profesa. "Ukikimbia anakusikia. Inabidi unyate."

"Mimi nimekuja kutafuta mtu, sikuja kunyata. Anzisha tena."

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Jina alipewa kwa ajili ya miwani na ubishi. Ndiye aliyeandika programu za gemu hiyo. Chumba chao kilikuwa juu ya duka la rangi: meza tatu, friji ndogo, ubao mweupe ukutani, na nyaya zilizotambaa sakafuni mpaka mtu akipita ainue miguu. Humo watu watatu walikuwa wamemaliza miaka miwili wakitengeneza kitu kimoja, mchezo wa kuwinda mizimu unaoitwa *Nani Yupo Juu?* Mchezaji anaingia hosteli ya wauguzi iliyohamwa zamani, mkononi tochi na kikengele, anafumbua mafumbo chumba kwa chumba, na kila fumbo likifumbuka mzimu mmoja unapata kupumzika. Profesa alishika kompyuta. Brashi, kijana wa watu mwembamba asiye na maneno, alichora. Mafumbo yote yalitungwa na mwanamke wa miaka ishirini na tisa ambaye wenzake walimwita Fumbo. Huyo Fumbo alikuwa hajaonekana tangu jana saa tatu asubuhi, na simu yake haipatikani.

Mtu mzima kutoonekana siku moja si jambo la kumwita Inspekta. Kilichomleta kilikuwa ndani ya friji: kisanduku cha insulini. Fumbo ana kisukari cha tangu utotoni, na friji ya kwao imekufa wiki mbili, kwa hiyo dawa anaiweka kazini. Sasa kisanduku hicho kilikuwa mapajani mwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyetoka dukani kwake mbio mpaka futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Amekishika kwa mikono miwili na hataki kukiachia.

Daktari alikuwa amesema kwa simu, bila kuzunguka: "Jana asubuhi alichoma. Jana jioni hakuchoma, leo asubuhi hakuchoma. Mkimpata leo kabla ya jioni, nitamtibu. Ikiwa kesho, sitaki kukudanganya, afande."

Inspekta alikuwa hajaonja kitu tangu aliposikia hayo.

Mlango ukafunguliwa, Sajini akaingia na vumbi lake. Ni mtu wa mabega mapana kama kabati, mwaminifu, anayependa kazi yake imalizike kwa mstari mnyoofu. Akatandaza karatasi mezani.

"Hosteli yenyewe, ile ya kweli waliyoiiga kwenye gemu, nimeipekua tangu asubuhi, afande. Ramani halisi halmashauri hawana, faili limeliwa na mchwa. Tumetumia hii ya gemu, huyu Brashi alituchapia."

"Haya, sema."

"Upande wa mashariki tumeingia kila chumba, chini na juu, hadi makabatini. Hakuna mtu. Upande wa magharibi, mlango wa chini una kufuli lenye kutu, halijaguswa miaka. Juu, mlango unaotenganisha pande mbili umejifunga, na kitasa cha upande wetu kimeng'olewa na wezi wa vyuma."

"Hukuuvunja?"

"Ya nini? Tazama ramani. Aliyepita pale juu ataikuta korido, vyumba vinne, na ngazi mwisho. Vyumba nimevichungulia kutoka nje, nimepanda dirisha moja moja. Vina nondo, lakini vinaonekana; ni vitupu. Zimebaki ngazi. Ngazi zinashuka mpaka mlango huu hapa chini. Nimemulika kupitia dirishani: mbele ya mlango huo kuna vumbi la kuzama kidole, hamna unyayo hata wa panya. Hakushuka mtu. Na kama hakushuka, hakupita."

"Mliita?"

"Mpaka sauti zimekauka."

Ilikuwa hoja nzuri. Inspekta aliigeuza huku na huku akakosa pa kuitoboa, na hilo ndilo lililomzidishia wasiwasi. Sajini akainama sikioni kwake. "Mimi ningembana huyu mwenye miwani, afande. Mwenye duka la rangi hapo chini amemsikia Jumatatu akimwambia marehemu kwamba..."

"Marehemu nani?" Fundi cherehani alisimama. Alikuwa na masikio makali. "Wee baba, mdogo wangu ni marehemu tangu lini?"

"Samahani, dada. Ulimi."

"Ulimi uushike!"

Inspekta alimngoja akae, akamsikiliza Sajini mpaka mwisho, kisha akamgeukia Profesa. "Jumatatu ulimwambia utamzika."

"Si kumzika hivyo, afande!" Miwani ilimshuka puani. "Mwisho wa gemu kuna makaburi. Majina yetu tumeyaandika juu ya mawe, ndiyo mtindo wetu wa kujitambulisha. Nilimwambia, ukiendelea kuchelewesha kazi nitakuzika humo humo nyuma ya choo. Ni utani! Zimebaki wiki mbili gemu itoke, na yeye kila siku anarudisha fumbo nyuma."

"Jana saa tatu mpaka saa sita ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

"Jino lipi?"

Profesa aligusa shavu la kulia, kisha la kushoto.

"Usinipotezee muda. Kuna mtu huko muda unamwishia."

"Nilikwenda kwenye usaili wa kazi." Alisema hivyo akitazama sakafu, kisha akamtupia jicho Brashi aliyesimama dirishani. "Kampuni nyingine. Hawajui hawa."

Inspekta akapiga simu huko. Dada wa mapokezi akathibitisha: kijana wa miwani, amekaa kwenye kiti kutoka saa tatu mpaka saa sita unusu kwa sababu mkurugenzi alichelewa, na ameuliza mara nne kama choo ni cha wageni pia. Basi. Dakika ishirini zimekwenda na maji. Sajini akajifanya anasoma ramani.

"Ubaoni je?" Inspekta aliuliza. "Mtu akitoka hapa haandiki anakokwenda?"

"Huandika. Lakini leo asubuhi nimekuta ubao umejaa, nikaufuta."

"Umeufuta?"

"Tunaufuta kila Jumatano, afande. Ndiyo utaratibu."

"Mwenzenu hajarudi, nyinyi mnafuta ubao?" alisema fundi cherehani. "Jamani, jamani."

Profesa alivua miwani akaipangusa kwa shati, na alipoirudisha haikuwa safi zaidi. Alionekana amejichukia.

Kilichobaki kilikuwa kompyuta ya Fumbo. Kitu cha mwisho alichokisoma jana, saa tatu kasoro dakika kumi, kilikuwa ujumbe wa mmoja wa watu wanaoijaribu gemu kabla haijatoka: *Korido ya Giza haifumbuki. Nimehesabu hatua za mzimu mara kumi, kila mara hesabu inanipita kwa hatua mbili.* Ndiyo maana Inspekta alikuwa anauawa. Alitaka aione korido hiyo kwa macho yake.

"Fumbo lenyewe likoje?"

"Mwisho wa korido ya juu, upande wa magharibi, tochi ya mchezaji inazima," Profesa alieleza. "Unamsikia mzimu akitembea mbele yako. Unahesabu hatua zake, na wewe unatembea hatua hizo hizo gizani. Ukipatia, mlango unafunguka, unashuka ngazi. Ukikosea, anakukamata."

"Na hesabu imeharibikaje?"

"Mimi niliongeza mwendo wa mzimu wiki iliyopita. Sikumwambia."

"Akiona hesabu haitoki, yeye hufanya nini?"

"Huenda kuhesabu. Kwa miguu yake. Hakuna fumbo la Fumbo lililoingia humu bila kutembelewa kwanza."

"Basi alikwenda hosteli," alisema Inspekta.

"Vumbi limekataa, afande," alisema Sajini.

Inspekta akavuta kiti. Akaishika kibodi tena. Safari hii alinyata. Alipita lango, akapanda ngazi za mashariki, akaingia korido ya juu. Fundi cherehani alikuwa amesogeza kiti mpaka pumzi yake inasikika. Mlango wa kwanza. Wa pili. Juu ya mlango wa tatu ukuta ulikuwa na ufa mrefu ulioinama, na chini ya dirisha doa la unyevu. Muuguzi akatokea mwisho wa korido, kofia yake nyeupe, uso hamna.

"Zima tochi! Zima!" alipiga kelele fundi cherehani.

Inspekta akazima. Muuguzi akapita. Wote watano walikuwa wamebana pumzi kwa ajili ya katuni, hata Sajini.

Akavuka mlango wa kati, akaingia upande wa magharibi. Mlango wa kwanza. Wa pili. Wa tatu.

"Ngoja," alisema fundi cherehani. "Rudi."

"Nirudi wapi?"

"Tulikotoka. Upande ule."

"Dada, nimekufa mara tatu kufika hapa."

"Rudi, mama, nakuomba."

Inspekta akarudi. Fundi cherehani aliweka kisanduku cha dawa mezani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akagusa kioo kwa kidole. "Lile doa chini ya dirisha. Na kule lipo."

"Maji huvuja popote," alisema Sajini.

"Hayavuji kwa umbo moja. Na ufa ule juu ya mlango: huku umeinamia kulia, kule umeinamia kushoto, na matawi yake ni yale yale matatu. Mimi nakata magauni miaka kumi na sita. Ukikunja kitambaa ukakata upande mmoja, ukikikunjua umepata pande mbili, zinatazamana, hakuna iliyozidi. Hii nyumba haikujengwa, afande. Imekatwa kwenye mkunjo."

Inspekta alikwenda kule, akarudi huku, mara mbili. Doa. Ufa. Hata msumari uliopinda kwenye fremu ya mlango ulikuwapo kotekote, mmoja umeelekea huku, mwingine kule. Akaiacha kibodi. Akamgeukia mtu aliyekuwa amesimama dirishani tangu asubuhi bila kusema neno.

"Brashi. Picha za kuta ulizipiga wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Za magharibi lini?"

"Zamani. Pamoja na zile nyingine."

"Nionyeshe."

"Ziko kwenye diski ya zamani. Iko nyumbani."

"Sajini atakusindikiza uilete. Sasa hivi."

Brashi hakusogea. Mikono yake, yenye rangi kuchani, ikashika ukingo wa dirisha. Inspekta alimsogelea, akashusha sauti, na waliowahi kufanya naye kazi wanajua kwamba sauti hiyo ndiyo mbaya.

"Mwenzako ana saa chache. Sikuulizi habari ya kazi wala ya mkataba. Uliingia upande wa magharibi au hukuingia?"

"Sikuingia."

Profesa akaguta. "Eti?"

"Nilifika mlango wa kati tu. Ulikuwa unafunguka na kujifunga wenyewe. Ndani kitu kilikuwa kinalia, kama chuma kinavutwa. Nikakimbia. Hata stendi ya kamera niliiacha."

"Unaogopa mizimu," alisema Inspekta.

"Naogopa, afande."

"Na unaichora."

"Ndiyo maana naichora vizuri." Macho yalimjaa maji. "Nikazigeuza picha za mashariki. Kila mchoraji wa gemu hufanya hivyo, kazi inakuwa nusu. Nikaweka ngazi kama zilivyo upande ule. Nikasema, kwenye gemu ngazi za uongo zitamuumiza nani?"

"Fumbo alijua?"

"Nilimwambia nimezipima kwa mkono wangu."

Fundi cherehani alikichukua tena kisanduku cha dawa mezani. Hakumtukana, na afadhali angemtukana.

"Sajini," alisema Inspekta. "Zile ngazi umeziona?"

"Nimeuona mlango wake, afande. Vumbi mbele..."

"Sijauliza mlango. Ngazi. Umeziona?"

Sajini aliitazama karatasi yake, kisha akaikunja taratibu. "Sijaziona."

"Nje, upande ule, kuna nini ambacho upande huu hakuna?"

"Hakuna... Kuna kijumba juu ya paa. Cha matofali, kidogo. Nilidhani tangi la maji."

"Upande mmoja tu?"

"Mmoja tu."

"Wauguzi sitini, mashuka ya kila wiki," alisema Inspekta, akichukua funguo za gari. "Hayo hayabebwi kichwani ngazini. Hiyo ni lifti ya nguo chafu. Pale mwisho wa korido hakuna ngazi, kuna shimo."

"Lakini angeliona," alisema Sajini. "Mtu mzima, na tochi mkononi..."

Profesa alikuwa ameshika mdomo wake. "Anaizima," alisema. "Afande, Fumbo akihesabu huzima tochi. Na macho anafumba. Anasema mchezaji haoni, kwa nini yeye aone?"

Walishuka ngazi za duka la rangi wakisukumana, na mwenye duka akatoa kichwa kuuliza kulikoni, asipate jibu.

Njiani Inspekta aliita gari la wagonjwa na zimamoto. Zimamoto wakasema wako kwenye moto wa ghala, awape dakika arobaini. Alitaka kuwapa maneno, akayameza. Saa nane kasoro dakika kumi walikuwa wanapanda ngazi za mashariki, za matofali na saruji, imara kabisa, hatua kumi na nane. Mlango wa kati ulikubali bega la Sajini mara ya tatu, ukaanguka na fremu yake.

Korido ya magharibi haikufanana hata kidogo na ya kwenye gemu. Ilikuwa nyembamba, dari chini, madirisha ya korido yenyewe yamezibwa kwa mabati mpaka mwanga unaingia kwa matundu ya misumari. Sakafuni vumbi, na katika vumbi nyayo za mtu mmoja, viatu vya raba, vidogo. Zilikwenda mbele kwa umbali ule ule kati ya hatua na hatua, zimenyooka, bila kusita popote. Hazikurudi.

"Mtu asisogee," alisema Inspekta, akafuata pembeni ya ukuta.

Mwisho wa korido mlango ulikuwa wazi. Kizingiti, halafu hakuna kitu. Inspekta alilala kifudifudi akaingiza kichwa na tochi. Shimo lilikuwa na upana wa kabati la nguo. Mita tatu na ushee chini, sanduku la lifti lilikuwa limekwama kiupande, limening'inia kwenye waya mmoja ulioanza kuchanuka nyuzi. Juu ya sanduku, Fumbo. Amejikunja, mguu mmoja umelala vibaya, kiatu kimoja kimetoka.

"Mdogo wangu!" fundi cherehani alipiga magoti. "Ni mimi! Nimekuletea dawa! Amka, mama, amka!"

Hakukuwa na jibu.

Sajini alikuwa ameshateremka kuvunja kufuli la chini na kujaribu kule. Akarudi anahema. Mlango wa shimo kule chini ni wa chuma, na sanduku limeuegemea kwa ndani. Ukiugonga, sanduku linatikisika. Muuguzi wa gari la wagonjwa, mwanamke mfupi mwenye begi mgongoni, alichungulia shimoni, akasikiliza, akanusa hewa.

"Zimamoto dakika ngapi?"

"Thelathini."

"Thelathini ni nyingi," alisema.

Fundi cherehani akavua viatu. Inspekta akamtazama, akajitazama na yeye mwenyewe, akamtazama Sajini na Profesa. Hakuna hata mmoja ambaye waya ule ungemvumilia. Kisha akasikia mtu akisema nyuma yake, "Mimi nina kilo hamsini na mbili."

Brashi alikuwa amejibana ukutani, amekuwa na rangi ya majivu. Jasho lilimtiririka mpaka shingoni.

"Unaweza?" aliuliza Inspekta.

"Naogopa vilevile, afande. Nifungeni haraka, kabla sijakimbia."

Wakamfunga kwa kamba ya kuvutia magari, ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Sajini akaizungusha mgongoni, Profesa na Inspekta wakashika nyuma yake. Brashi alikaa kwenye kizingiti, miguu yake ikaning'inia gizani, na akawa anasema kitu chini chini ambacho hakuna aliyetaka kukisikiliza. Akashuka. Kamba ikapita mikononi mwao kiganja kwa kiganja. Kisha wakasikia chuma kikilia, kama kinavutwa, na Brashi akatoa sauti ambayo hawataisahau.

"Brashi!"

Waya ukatetemeka.

"Brashi, sema kitu!"

"Anapumua," alisema Brashi. "Anapumua! Pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana, lakini anapumua."

Fundi cherehani aliketi sakafuni kama alivyo, akalia kwa sauti kubwa, bila kuficha uso. Muuguzi, aliyeijua harufu hiyo ya sukari iliyopanda, akaanza kufungua begi lake.

Shimo lile lilibeba sauti vizuri, kwa hiyo wote waliusikia mdomo mkavu ukijitahidi kule chini.

"Brashi?"

"Ni mimi, Fumbo."

"Ngazi ziko wapi?"

Inspekta alijikuta amekaza kamba.

"Hazipo," alisema Brashi. "Sikuwahi kufika huku. Nilikudanganya."

Pumzi ikaenda, ikarudi, nzito.

"Basi usiondoke," alisema Fumbo.

Sanduku likalia tena. Likateremka kiganja kimoja, likakwama. Vumbi likapanda shimoni mpaka usoni mwa Inspekta, na uzi mmoja wa waya ukakatika kwa mlio mdogo mkali.

"Uzito umezidi!" alisema Inspekta. "Brashi, tunakuvuta wewe kwanza, halafu tunarudisha kamba. Jiandae. Moja, mbili..."

"Msivute!"

Wakasubiri. Kamba ilicheza mikononi mwao, ikalegea kabisa, ikawa nyepesi, haina mtu. Profesa akasema, "Mungu wangu, ameifungua." Kisha ikakaza tena, taratibu, kwa uzito mwingine.

"Nimempitisha chini ya makwapa," Brashi aliita. Meno yake yalikuwa yanagongana mpaka maneno yanakatika. "Mguu wake wa kushoto usiguse ukuta. Vuteni huyu. Mimi nimeambiwa nisiondoke."

Sajini hakungoja amri. Wakavuta wote watatu, na Fumbo akapanda gizani akiugua, kichwa kimelala begani, mpaka mikono ya dada yake ilipomfikia na kumkamata. Muuguzi akawa tayari ameshikilia mkono wake anatafuta mshipa. Inspekta aliifungua kamba kwa vidole vilivyochubuka, akaitupa tena shimoni, akalala kifudifudi kizingitini kusikiliza.

Kutoka chini, mtu akaivuta.